Bega la Mama Dari

Wifi yangu ni fundi wa lipu, na si lipu ya ukutani tu, ambayo hata mimi nikifundishwa wiki nzima naweza kujaribu nikaaibika. Yeye hupiga dari. Unasimama juu ya jukwaa, shingo umeikunja, saruji ikikataa kushika inakuangukia machoni, na mkono uko hewani toka asubuhi mpaka jioni. Mafundi wenzake ni wanaume watupu, na ndio waliompa jina la Mama Dari. Mwanzoni walikuwa wanamcheka. Miaka kumi na tisa baadaye, dari korofi likitokea, wanaulizana Mama Dari yuko wapi.

Mimi ni dada wa mumewe, nakaa nao. Kaka yangu ni dereva wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni, kwa hiyo bega la mkewe nimeliuguza mimi. Maumivu yalianza kama uchovu, yakahamia shingoni, yakateremka hadi kwenye kiwiko, yakaweka makazi. Miaka miwili! Nywele alichana kwa mkono wa kushoto. Blauzi nilimvalisha mimi. Dawa za kutuliza alimeza mpaka tumbo likagoma.

Kazini alificha. Lakini siku moja mwiko ulimponyoka kule juu, ukatua karibu kabisa na mguu wa msimamizi wa ujenzi. Yule bwana wala hakugomba, na hapo ndipo alipomuumiza. Alimwita pembeni akamwambia kwa upole, "Mama, umeshafanya kazi yako. Baada ya wiki nane tukianza madari ya kituo cha afya, wewe utachekecha mchanga. Kazi ya kukaa kivulini."

Hee! Fundi wa dari akachekeche mchanga? Alirudi nyumbani, akakaa jikoni na viatu vyake vya saruji, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama yake alikuwa anapanga viti. "Wifi," akasema, "nimemwomba anipe dari moja tu. Nikilishindwa, nashika chekecheo. Amekubali."

Kesho yake nikaenda duka la dawa. Nikanunua kimashine cha betri chenye nyaya na vibandiko. Unabandika kwenye ngozi, kinapitisha umeme mdogo, maumivu yanapungua. Nikaongeza na mkanda wa joto wa kuvaa begani. Muuzaji akanisisitiza tusome kijitabu cha maelekezo. Kijitabu! Wifi yangu alikikunja akakitia chini ya meza inayoyumba.

Kimashine kina namba mpaka kumi, basi akaweka kumi. "Kisichouma hakitibu," akasema, huku bega linarukaruka peke yake na meno kayauma. Dakika ishirini zingetosha. Yeye saa nzima. Akitoka hapo mkanda wa joto saa nyingine, halafu vibandiko tena. Nikisema, ananiambia niende nikafue nguo za wateja wangu. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya nne ngozi imebabuka, na mkono haushiki hata kijiko.

Nikamtolea uvivu. "Wewe! Ukuta wa mtu unaupiga tabaka la pili kabla la kwanza halijashika?"

"Thubutu! Si litabomoka lote?"

"Sasa hilo bega lako limekukosea nini?"

  Akalitazama bega lake, akaniambia nimfunge kamba za viatu, twende hospitali.

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mdogo, sauti ya chini, lakini hayumbishwi. Akaagiza vibandiko vikae pembeni mpaka ngozi ipone. "Mama, kimashine hiki hakiponyi bega," akasema. "Kinayanyamazisha maumivu kidogo ili upate nafasi ya kuuzoesha mkono. Namba ni ile unayosikia mtekenyo tu. Dakika ishirini, unatoa, unafanya mazoezi, unapumzika." Akamwonyesha mazoezi yenyewe, mepesi mpaka wifi akaona anachezewa.

Kisha akauliza, "Ukiwa kazini, dari linakuwa mbali kiasi gani?"

Wifi akanyoosha mkono mzima juu, ule wa kushoto, mpaka ncha za vidole.

"Na wenzako?"

Akakunja kiwiko, akaweka kiganja juu kidogo ya kichwa. Akabaki hivyo hivyo. Jukwaa lilikuwa likifungwa kwa kimo cha wale wanaume, na yeye ni mfupi. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Hakuna tu aliyefikiria, hata yeye.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "nafanya kazi kwa vidole vya miguu!" Akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na hasira ndani.

Tangu siku hiyo alilihudumia bega kama kazi ya mteja mkubwa. Asubuhi mkanda wa joto robo saa. Jioni kimashine, namba tatu, na saa ya ukutani anaitazama. Halafu anasimama ukutani, anapandisha vidole taratibu, na pale vinapofika anachora mstari wa penseli. Wiki ya tatu mstari ulishuka, akataka kuitupa mashine dirishani, nikaikalia. Wiki ya tano akachana nywele kwa mkono wa kulia. Hakuniambia, nilimkuta tu, nikarudi nyuma kimya kimya nikalilia jikoni, kwa furaha.

Siku ya dari nikaacha nguo za watu kwenye beseni, nikajifanya nampelekea chakula. Nikamkuta anabishana na msimamizi, kwa kuwa ameliinua jukwaa.

"Jukwaa ni moja, la wote," msimamizi akasema.

"La wote warefu. Leo dari ni langu."

Akapanda. Kiwiko kimekunjwa, visigino vimetulia kwenye mbao. Saruji inaruka, inashika. Saa sita akashuka, akabandika vibandiko vyake mbele ya wanaume wote.

"Mama anachaji!" mmoja akapiga kelele.

"Nachaji. Nyie betri zenu zilishakufa!" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji. Dakika ishirini, akatoa, akanyoosha mkono mara kumi, akarudi juu.

Jioni dari lilikuwa limekwisha. Msimamizi akapanda na tochi na ubao mrefu ulionyooka, akaupitisha kila upande, akitafuta bonde au kinundu.  Aliporudi kwenye kona ile ile mara ya tatu, nikajua hajaona kitu.

Akashuka, akafungua daftari la mgawo wa kazi. Kituo kilikuwa na madari matano, manne yamebaki. "Mama," akasema, hajui aangalie wapi, "nikuandike lipi?"

Wifi yangu akainua mkono wa kulia, wote, mpaka juu kabisa, akaonyesha jengo zima kutoka mlango hadi mlango.

"Andika yote."

Akaandika.