Mpishi wa Uji Anayetembea Mikono Mitupu

Umande haujakauka, na Bibiana Makarius anakoroga uji kwa mwiko mrefu kuliko mkono wake. Watoto wa kituo cha malezi cha kijiji, hapa Mvumi wilayani Kilosa, wamekaa chini na vikombe vya bati, wanagombania nafasi ya mbele.

"Kaeni vizuri, uji haukimbii," anawaambia, huku akicheka.

Kicheko hicho si kitu kidogo. Mwaka juzi, mtoto akiita tu "mama", Bibiana alitupa mwiko akakimbilia nyuma ya jiko kulia. Kamati ya kituo ilikwishaanza kutafuta mpishi mwingine.

Mwanawe wa pekee, Gaudiosa, alichukuliwa na surua mwaka 1974, wiki chache kabla ya kaya za vilimani kuhamishiwa kijiji cha Ujamaa. Watu walishuka na milango yao, kuku wao na mitungi yao. Bibiana aliacha kaburi. Mumewe, Donati, alirudi kwenye kazi yake ya miwa kule Ruhembe, naye akabaki na nyumba mpya isiyo na sauti.

"Chakula kilikuwa hakipiti," anasema. "Nikaona heri nitembee, miguu ichoke, labda na moyo utachoka kuuma."

Basi kila alipomaliza kuosha sufuria, alishika njia ya vilimani. Lakini hapa hakuna mtu anayetembea tu. Ukipishana na mtu, baada ya shikamoo na marahaba, swali ni moja: unakwenda wapi? Na mwanamke anayetangatanga bila mzigo, watu husema ni mwendawazimu, au mchawi. Bibiana akapata dawa yake: jembe begani. Aliyeuliza alijibiwa, "Shamba," akaridhika.

Hakulima hata tuta moja. Alipita pembeni ya mahindi, akapanda polepole akisikiliza kwale, mpaka kijito kinachotenganisha kijiji na mahame walikohamishwa. Ng'ambo ndiko alikolala Gaudiosa. Hapo aligeuka, hakuwahi kuvuka. Hata hivyo alirudi kifua kikiwa chepesi, na siku hadi siku sauti za watoto zikaacha kumchoma.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi moja mwaka jana mzee mmoja alifariki. Siku ya msiba hapa haendi mtu shamba. Jembe ni la wachimba kaburi peke yao. Bibiana, mawazo yakiwa mbali, akapita mbele ya waombolezaji na jembe lake begani kama kawaida.

"Watu walipolikodolea macho jembe ndipo nilipojua nimefanya nini," anasema.

Costancia, dada wa marehemu, akasimama. "Bibiana, kaka yangu hajazikwa, wewe unakwenda kulima?"

Anayedharau msiba hutengwa, na nani angemwachia mtu aliyetengwa alishe watoto wake? Bibiana akapiga magoti.

"Nisamehe, mama. Sina shamba huko. Natembea tu. Nikikaa, nalia."

Rafaeli, balozi wa nyumba kumi, akaanza kuzungumzia uzururaji, maana Uhuru ni Kazi. Costancia akamkatiza. Yeye pia amezika watoto wawili, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akalichukua lile jembe, akaliegemeza ukutani.

"Liache hapo. Tukishamzika kaka yangu, nitakufuata."

Na amemfuata kweli. Tangu hapo wanapanda kilima pamoja, mikono mitupu, na akina mama wengine hujiunga nao.

"Anatembea kama anafukuzwa na nyuki," Costancia analalamika, akijikanda goti. "Lakini nikikosa siku moja, nyumba hainitoshi."

Rafaeli akiwauliza wanakwenda wapi, wanamjibu kwa pamoja: "Kutembea!" Naye hutikisa kichwa akaenda zake.

Uji umekwisha. Bibiana anasugua sufuria kwa mchanga na kutazama vilimani. Mavuno yakiisha, kabla mvua hazijaanza, amepania kuvuka kile kijito, na Costancia ameahidi kumshika mkono.

"Majani yatakuwa yameshafunika pale," anasema. "Siku hiyo nitalibeba tena lile jembe. Na mtu akiniuliza nakwenda wapi, sitadanganya. Nakwenda kumpalilia mwanangu."