Uso Ambao Mwalimu Hakunawa

Gedion Bundi alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akaongeza mibuni shambani kwake Githongo, na alipotimiza miaka sitini na minne akaanza kufa kwenye televisheni. Kwa kweli alikufa mara moja tu, katika sehemu ya kwanza. Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kurudi. Mpwa wake Joyline, anayewapaka rangi waigizaji wa mchezo mmoja wa Kimeru, ndiye aliyemwambia mkurugenzi kwamba ana mjomba mwenye sura ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Mkurugenzi alimtazama mara moja tu akakubali.

Mchezo wenyewe ulipigwa picha Manyatta, upande wa Embu, kwa kuwa ukungu wa huko hufika kazini mapema na haudai chakula. Gedion aliigiza Mrudi, mzimu anayetoka kaburini kila Jumatano kuwatetea wanyonge. Shida ni kwamba kila akimwokoa mtu mmoja, hana budi kumwumiza mwingine, na huyo mwingine si lazima awe na hatia. Kuna mtoto aliyetolewa mtoni akiwa hai, na jioni hiyo hiyo fundi wa viatu akapofuka. Githongo iligawanyika. Wengine walisema Mrudi ni shujaa, wengine wakasema ni shetani, na muuza nyama akasema ni mheshimiwa wa kawaida tu. Gedion mwenyewe akiulizwa alisema kwamba amefundisha watoto zaidi ya elfu moja na hajakutana na aliyekuwa mwema kutwa nzima.

Ila Gedion alikuwa pia mzee wa kanisa. Cheo hicho alikisubiri miaka kumi na moja, na kilikuwa kitu pekee maishani alichochaguliwa na watu. Kwingine kote alitumwa na wizara. Mchungaji Lorna, mwanamke mwenye shahada mbili aliyeupenda mchezo ule kuliko alivyokiri, alimruhusu aigize kwa sharti moja, kwamba Mrudi abaki Manyatta. Siku atakapoonekana Githongo, kiti cha mzee kitakuwa wazi. Gedion alikubali bila kufikiri sana.

Kisha ng'ombe wa Celina akaibwa.

Celina ni jirani yake, mjane, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomfikisha mwanawe Kiunga kidato cha tatu. Polisi waliandika maelezo kwa mwandiko mzuri. Wazee wa mila nao walikuwa tayari kumlaani mwizi, lakini laana ya namna hiyo hutaka mnyama wa kuchinjwa, na mnyama wa Celina alikuwa ndiye huyo aliyeibwa. Aliwaeleza. Walikiri kwamba hapo pana ugumu. Basi akaja kwa Gedion.

"Mwalimu, sitaki mambo mengi. Sema tu yale maneno ya Mrudi ya Jumatano."

"Mama Kiunga, yale yanaandikwa na kijana wa chuo kikuu. Hata kukamua hajui."

"Mwizi hajui kwamba yanaandikwa."

Gedion alikataa. Alimkumbusha kwamba yeye ni mzee wa kanisa, akamwombea, na Celina akasema amina kama mtu aliyeenda kung'olewa jino akapewa tembe mbili.

Ijumaa gari la mchezo lilimrudisha kutoka Manyatta mchana, uso bado mweupe wa unga na majivu, macho yamezungushiwa masizi. Joyline alimpa maji na taulo. Gedion alisema atanawa nyumbani. Nyumba yake iko kabla ya kiwanda cha kahawa. Aliipita.

Kiwandani watu walikuwa wamekaa juu ya magunia, wanachagua cheri mbichi, yale matunda ya mbuni, na kuzitenga na zilizoiva kabla ya kupima. Mazungumzo yalikatika safu kwa safu. Gedion alikaa kando ya mkewe Nelius, akaanza kuchagua. Nelius alimwangalia, akamwambia kuna mbichi amepitisha. Halafu Gedion akainua uso na kuanza kusalimu safu nzima, mmoja mmoja, polepole, salamu ile ile ya kila siku.

"Kathuri. Nyumbani wazima?"

"Wazima, Mwalimu."

"Na mifugo?"

Debe la Kathuri lilianguka. Wanne wengine waliulizwa vile vile, na Lenah, mwanamke ambaye hajawahi kuiba hata zamu kwenye foleni, alienda nyumbani akalala siku mbili.

Jumamosi asubuhi Kathuri alimleta ng'ombe kwa Celina, akisema amemkuta akizurura kando ya mto. Alikuwa akizurura na kamba mpya shingoni.

Kikao cha kanisa kilikaa Jumanne. Mchungaji Lorna aliuliza swali moja.

"Ulimlaani mtu?"

"Hapana. Nilisalimu."

Wazee walishusha pumzi. Mmoja alikwisha kufumba macho kwa sala ya kufunga.

"Lakini nilipita nyumbani kwangu bila kunawa," Gedion akasema, "na nilijua ni kwa nini. Na Lenah alilala kitandani siku mbili."

"Kwa hiyo unajuta?"

Alifikiri kwa muda aliokuwa akiwapa watoto kwa hesabu za kugawanya. "Kwa Lenah, ndiyo. Kwa ng'ombe, bado natafuta majuto."

Walimvua uzee wa kanisa. Uamuzi ulichukua saa mbili, kwa sababu kulikuwa na chai. Maziwa yalitoka kwa Celina, wote walijua, na wengi waliongeza kikombe.

Kesho yake Gedion, akiwa na uso safi, alienda kwa Lenah kuomba msamaha. Alimweleza kwamba Mrudi hana nguvu yoyote, ni unga tu. Lenah alisema hilo analijua, yeye si mtoto.

"Sikuogopa mzimu, Mwalimu. Nilidhani umekufa kweli na Nelius hajagundua."

Ushahidi wa namna hiyo pengine ungewalainisha wazee wamrudishie kiti chake, kwa maana hakuna aliyeumizwa na Mrudi. Gedion aliufikiria njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini kule kupita mlangoni kwake bila kunawa kulibaki pale pale. Jumapili alikaa benchi la sita, mbali na viti vya wazee, hakumwambia mtu.