Gari la Kilomita Mia na Tatu

Baba yangu, Wenceslas Habineza, aliendesha magari ya tajiri mmoja mzaliwa wa Butembo aliyeishi hapa Goma, karibu miaka arobaini. Mwaka 1986 tajiri huyo aliagiza Pejo 504 mpya. Gari lilifika Bunagana juu ya lori, na baba akaliendesha kutoka mpakani hadi hapa Goma, kilomita mia na tatu. Hakuna aliyeongeza hata moja. Tajiri alilifungia gerejini, eti ni la harusi ya bintiye Kanyere, na Kanyere akaenda kuolewa Ubelgiji. Kila Jumamosi baba aliliosha, akaliwasha, akalizima. Mwaka 2002, volkano iliposhuka mjini, familia ya tajiri ilikimbia kwa jeep yao, baba akaachwa kulinda gari. Sisi watoto tulivuka mpaka hadi Gisenyi na mama kwa miguu. Hilo sijawasamehe, wala sina mpango.

Tajiri alipokufa, Kanyere alirudi kuuza kila kitu. Baba akaomba gari. Aliuza kiwanja chetu cha Munigi alilipie, na haki zake za kuacha kazi Kanyere akasema zimeshahesabiwa humo humo ndani ya bei. Nilimwita mjinga mbele ya majirani zetu wote wa Mabanga. Alijibu tu kwamba anataka kulirudisha hadi Bunagana, polepole, bila mtu nyuma wa kumwambia ageuze.

Kaka yangu Prodige akatuma picha za gari kwa simu. Mtu mmoja wa Kampala, anayekusanya magari ya zamani, akaahidi bei ya kununua viwanja vitatu, kwa sharti moja: kilomita zisiongezeke. Angekuja barabara ikitulia. Nikauchukua ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la kitenge changu, na gari likaletwa uani kwetu juu ya lori. Baba, mwenye gari, mwenye jina kwenye karatasi, alibaki kukaa nyuma ya usukani pale uani kila Jumapili baada ya misa, injini imezimwa.

“Victoire, hata mpaka pale sokoni tu, kisha nirudi,” aliniomba.

“Papa, vumilia kidogo. Ule mutu wa Kampala anakuya.”

Alivumilia miezi kumi na minne. Asubuhi moja alianguka akinyoa ndevu, mdomo umepinda. Prodige alilitazama gari, kisha akanitazama mimi. Nilimwambia aite pikipiki. Tulimbana baba kati ya Prodige na dereva, kichwa kikigonga mgongo wa dereva kwenye mawe yale yote ya njiani, na gari lake limelala uani na mafuta ndani. Hospitali iko kilomita nne. Nilizihesabu, kwenda na kurudi nane, baba yangu akiwa bado chini.

Alipona nusu. Mkono na mguu wa kulia vilikataa kabisa. Wiki mbili baadaye mtu wa Kampala aliandika kwamba amepata gari lingine, la karibu zaidi. Siku ile ile nilifungua pindo, nikaenda kitandani kwa baba, nikamwekea ufunguo kiganjani. Ukateleza ukaanguka juu ya blanketi.

“Papa, twende Bunagana,” nilisema. “Prodige ataendesha.”

Aliusukuma ufunguo kwangu kwa mkono wa kushoto.

“Acha, mama,” alisema kwa upande mmoja wa mdomo. “Kilometre zitapanda.”