Diski Ndani ya Kopo la Vifungo

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kiume, hana kitu kimoja kimoja. Ana miwani miwili, mikasi miwili, na namba za simu za ndugu wote ziko kwenye simu yake na pia kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Binti yangu, ambaye ni wifi yake na kwa hiyo ana ruhusa ya kumsema, alimbatiza jina la Bi Nakala mara tu alipoingia kwetu. Jina likashika. Mwenyewe akiitwa hivyo huitika.

Naandika habari zake kwa sababu wengi wanaujua utani, hawajui alichonitendea. Mimi shule niliishia darasa la saba, ila kichwa changu kinatunza mambo, na haya nayaweka kama yalivyokuwa.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga funguo. Kibanda chake kilikuwa chembamba, mtu akinyoosha mikono anagusa ukuta huku na huku, na mkwe wangu alikulia humo akifagia vumbi la shaba. Mzee yule alikuwa na masharti yake. Hapokei pesa yako mpaka ufunguo uingie kwenye kitasa na uzunguke. Kama kitasa kiko nyumbani, anafunga kibanda anakufuata. Na ukichongesha wa ziada, hakupi zote kwenye pete moja. Anakuuliza, "Huu mwingine unakwenda kukaa kwa nani?" Ukijibu kwamba utakaa nazo zote mfukoni, anakukunjia uso. "Sasa mfuko ukipotea, mimi nitakuwa nimekufanyia kazi gani?"

Basi binti wa mtu kama huyo ndiye aliyeolewa kwetu. Anafanya kazi kwenye duka la kupiga chapa na fotokopi, na walipopata kompyuta ya nyumbani, yeye alikuwa wa kwanza kuuliza, "Ikifa je?" Akanunua diski mbili, kila moja kama kipande cha sabuni, za kuhifadhia picha za watoto, vyeti na mambo yote ya nyumba. Moja ikabaki kwake. Ya pili akaniletea mimi, mtaa wa pili.

"Mama, naomba pembe ya kuwekea kitu."

Nikamwonyesha kopo langu la biskuti ninamotunzia vifungo, chumbani, juu ya kabati. Kuanzia hapo kila mwisho wa mwezi alikuja na diski iliyojazwa mambo mapya, akaiacha koponi na kuondoka na ile ya zamani. Vitu vyepesi alivipandisha mtandaoni pia, lakini picha za video na sauti zilimlia bando, akasema hizo zitakaa na vifungo.

Mwanangu alimcheka. Yeye alikuwa na flashi yake aliyoitundika pamoja na funguo za nyumba. "Kila kitu kiko humu," alikuwa akisema, akiitingisha. Mkwe wangu akimwambia aifungue waone, anajibu kwamba ameyaona majina yote, yamejipanga.

Mume wangu alikuwa fundi redio. Meza yake iko mpaka leo chini ya dirisha la sebuleni, na alama za moto wa lehemu. Jumamosi moja mwanangu alileta kompyuta, akaiweka mezani pale, akamrekodi baba yake akieleza namna ya kufufua redio iliyokufa. Mzee alizungumza mchana kutwa. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na shughuli zangu.

Kesho yake ikanyesha mvua ya kufunga watu ndani. Nasikia hodi, namwona mkwe wangu, amelowa mpaka magotini.

"Nimefuata sufuria yangu, Mama."

Akaomba taulo, akaingia chumbani kujifuta, akatoka, akachukua sufuria, akarudi mvuani. Nikamwambia mzee, "Mtoto wa watu anatembea na mvua yote hii kwa ajili ya sufuria?"

Mzee hakuinua hata macho kwenye waya zake. "Si unajua anazo mbili? Ya huko itakuwa imemlilia mwenzake."

Wiki ile ile mzee akaugua. Tukampeleka hospitali, na hakurudi nyumbani. Nani angekumbuka kubadilisha diski tena?

Miezi ikapita. Siku moja umeme wa kwao ulikatika na kurudi kwa kishindo. Kompyuta ikafa, na diski iliyokuwa imechomekwa ikafa nayo. Niliposikia habari hiyo, hapo ndipo nilipojua kitu nilichokuwa nakitaka. Nikawaita wanangu, nikawaambia nataka kuisikia sauti ya baba yenu.

"Hilo dogo, Mama," mwanangu akasema, akachomoa flashi kwenye funguo zake. Akaichomeka kwenye kompyuta ya dada yake, hapa hapa sebuleni. Majina yote yalikuwepo kweli. "Baba na Redio." Akabonyeza. Kompyuta ikasema kitu hicho hakipo. Akabonyeza jingine. Hakipo.

Mkwe wangu akasogea, akatazama. "Baba watoto, umekopi vile vialama vya kwenye kioo. Hivyo vinaonyesha tu faili liko wapi. Mafaili yenyewe uliyaacha kwenye kompyuta. Umebeba vibao vya milangoni, nyumba umeiacha."

"Kaka," dada yake akasema, "yaani muda wote ule ulikuwa unatutingishia vibao?"

Mwanangu akakaa.

Mkwe wangu akaenda chumbani akarudi na kopo. Lakini mimi nilishapiga hesabu yangu. Diski aliileta mwisho wa mwezi, na mzee alirekodiwa baada ya hapo. Nikamwambia, "Usijisumbue, mwanangu. Hiyo ni ya kabla."

Akachambua vifungo kwa kidole. "Mama, unakumbuka nilivyofuata sufuria?"

"Nakumbuka."

"Nilikuja kubadilisha diski. Usiku wa kuamkia mvua ile niliifungua rekodi nione kama imeingia sawasawa, nikaisikiliza yote. Nikamsikia Baba anavyovuta pumzi. Sikuipenda ile pumzi. Ningesema nimekuja na mvua kwa ajili ya sauti yake, angeanza kujiuliza kwa nini naharakisha."

Akachomeka diski, na mzee akaingia sebuleni.

Alianza na lehemu, akaja kwenye spika. Kisha katikati ya maelezo akaita, "Mama watoto, kikombe changu kiko wapi?"

Na sauti yangu, toka jikoni: "Kiko mbele ya pua yako."

"Hiki? Hiki nimetia waya."

"Basi kunywa waya."

Akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba siku ile nilimchekesha.

Nikasema irudiwe. Mkwe wangu akaweka mkono juu ya kompyuta. "Samahani, Mama. Imebaki moja tu duniani. Hatusikilizi tena mpaka nitoe nakala, na niifungue nione."

Tukakaa tunasubiri, kama wateja wa baba yake. Nakala ilipokwisha kutoka, wifi yake akauliza, "Na ya kwangu utaniletea lini, Bi Nakala?"

"Una kopo?"

"Nitatafuta."

Nilimshukuru siku ile, na namshukuru tena hapa kwa maandishi, maana ana watu wa kumtania wengi. Sasa anakuja tena kila mwisho wa mwezi. Sufuria yake moja ninayo mimi. Naiosha, naiweka karibu na mlango, ili siku akitaka kuja na mvua asikose sababu.