Nilimtafsiria Papa series ya baba na timeline mbili, nikamdanganya mwisho wake

Wakuu, salamu kwenu kutoka Kisangani.

Miaka miwili nasoma nyuzi zenu humu bila kuandika hata mstari, leo ni zamu yangu kutoa. Haya yametokea nyumbani kwangu mwezi uliopita na sijaongeza chumvi. Atakayesema ni chai, anywe tu, sukari atie mwenyewe. Na Kiswahili changu ni cha huku, kimechanganyika na Kifaransa, donc mnivumilie.

Mimi nina miaka thelathini, nina mke, nina kibanda cha kutengeneza simu na kukopia watu filamu kwenye flash.

Baba yangu, huku tunasema Papa, ni mvuvi wa Wagenia, kule kwenye maporomoko. Kwa wasiojua: pale watu wanasimika miti mikubwa katikati ya maji yanayokimbia, wanaifunga kwa kamba za msituni, halafu wananing'iniza mitego ya kikapu mirefu kuliko mtu. Kila familia ina mahali pake kwenye ile miti. Mahali hapo panatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, hapanunuliwi.

Sisi tulikuwa wawili wa kiume. Anselme mkubwa, mimi mdogo.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya mwisho ya mtihani wa Taifa, ule tunaita examen d'État, ilikuwa zamu yangu kupanda miti asubuhi. Maji yalikuwa yamejaa. Anselme akaniambia, "We enda ukaandike, mi nitapanda."

Nikaenda. Nilikuwa kwenye deski najibu maswali ya watu wakati kamba ilipokatika na kaka yangu akaanguka. Walimpata siku ya tatu.

Papa hakunilaumu hata mara moja, na hapo ndipo shida ilipoanza. Hakusema kitu chochote. Baada ya matanga alimpa binamu yangu mahali petu kwenye miti, bila hata kuniita. Tangu hapo akiongea na mimi anaangalia mlango.

Mimi nikajijibu mwenyewe: mzee anatamani ningekuwa mimi. Nilitaka kujua kama ni kweli, na niliogopa kujua. Miaka ikapita hivyo hivyo.

Bon. Juzijuzi Papa akateleza kwenye mawe, akavunjika mguu. Plasta mpaka kwenye goti. Kwake ni mawe matupu mpaka mlangoni, ikabidi nimlete kwangu Mangobo akae mpaka apone.

Wakuu, kimya kile sijui nikielezeje. Lituma ya ndizi mezani, samaki, sisi wawili, na vijiko ndivyo vinaongea. Wiki ya pili mke wangu akachoka. "Wekea papa filme," akaniambia, "la sivyo mi narudi kwetu."

Nikachomeka flash kwenye televisheni bila kuangalia kilichomo. Ikatoka series moja ya science fiction, kwa Kifaransa. Kifaransa cha Papa ni bonjour na merci, kwa hiyo nikawa natafsiri, sentensi kwa sentensi.

Stori yenyewe ni hivi. Kuna baba mmoja fundi wa lifti. Mtoto wake mkubwa amekufa, mdogo yuko hai. Siku moja lifti ya jengo la zamani inamkwamia kati ya ghorofa mbili. Akifungua mlango anatokea kwenye mji uleule, lakini ni timeline nyingine. Huko mkubwa yuko hai, mdogo ndiye aliyekufa. Anaanza kwenda na kurudi. Asubuhi ni baba wa huyu, jioni ni baba wa yule.

Ningejua ningeweka ya karate, naapa.

Nilinyanyua rimoti nizime. Papa akasema, "Acha." Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Mzee hajapanda lifti maisha yake yote, lakini mambo ya timeline aliyaelewa kunishinda mimi. "Iko sawa maji yakifika kwa jiwe," akasema. "Ingine inapita kuume, ingine inapita kushoto. Yote iko Kongo." Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu wa mtandaoni, hakuna hata mmoja aliyenifikisha hapo.

Akaanza kunisubiri. Nikirudi saa tisa namkuta mbele ya televisheni, mguu juu ya kiti, ananigombeza: "Umechelewa! Ule fundi amebakia ndani ya lifti tangu jana!" Akiona fundi anasahau siku ya kuzaliwa ya mtoto, anapiga kelele, "Eh, mujinga, mutoto anakungoja!" Na mimi nacheka, na yeye anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Papa ana pengo upande wa kushoto, maana hilo pengo linaonekana akicheka tu.

Nilikuwa na furaha, wakuu. Nasema wazi.

Sasa kosa langu. Siku moja, kibandani, nikaangalia episode ya mwisho peke yangu, kabla yake.

Lifti inakaribia kuharibika moja kwa moja. Fundi lazima achague upande wa kubaki, hakuna kurudi tena. Anamchagua mkubwa. Mdogo anaachwa mbele ya mlango uliofungwa, anaugonga kwa mikono miwili.

Nililia na simu ya mteja mkononi. Mwenye simu akaniuliza kwa huruma, "Imekufa kabisa?"

Plasta ilikuwa inatolewa Jumatatu, halafu Papa arudi kwake. Nikaona bora nidanganye, ili siku chache zilizobaki zisiharibike. Afadhali asiamue kesi yangu kupitia mtu wa kwenye televisheni.

Ijumaa mchana tukaketi. Kwenye Kifaransa fundi anamwambia mdogo, "Nisamehe, mwanangu, siwezi kumpoteza mara ya pili." Mimi nikatafsiri, "Anasema anaenda kumuaga mukubwa, kesho atarudi wale chakula pamoja."

Mlango ukajifunga, muziki ukaanza, nikakimbilia rimoti.

"Rudisha nyuma," Papa akasema.

Nikarudisha. Safari hii hakutaka tafsiri. Aliangalia sura tu, mikono juu ya magongo yake.

"Kama atarudi kesho," akauliza, "ule mudogo anagonga mulango sababu gani?"

Ikabidi niseme. "Papa, harudi. Amechagua mukubwa."

Na hapo ulimi ukaniponyoka, maana nilikuwa nimebeba hilo neno muda mrefu mno: "Hata wewe ungefanya vile. Mi najua."

Papa alininyang'anya rimoti mkononi, akazima. Akaniangalia usoni.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Ulinitoa kwenye miti. Hata kuniangalia hauniangalii."

"Nilikutoa sababu niliogopa maji isikubebe na wewe." Akaweka rimoti pembeni. "Na kukuangalia... Mutoto yangu, nikikuangalia, moyo inafurahi. Inasema, huyu alibakia. Alafu nasikia haya, sawa vile ninafurahia kifo ya Anselme. Njo maana naangalia mulango."

Sikuwahi kumwona Papa akilia, hata siku ya kumzika kaka; siku hiyo machozi yalimtoka. Mimi nililia kwa sauti mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani tumepigana. Alipotuona akarudi polepole.

Kuhusu fundi, Papa alitoa hukumu moja tu. "Mutoto hawachagui. Ule alikimbia."

Alipokwisha kufuta uso akaniuliza swali ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuniuliza. "Na ule examen, ulipata ngapi?"

"Soixante et un, Papa." Asilimia sitini na moja. Matokeo yalitoka nyumba ikiwa bado na msiba, nikayasoma peke yangu na sikumwambia mtu.

"Soixante et un," akarudia taratibu. Halafu akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, niko kibandani na wateja. Nageuka namwona Papa anakuja na magongo, jasho linamtoka, plasta imejaa vumbi. Hata mtu mwenye miguu miwili mizima anachoka njia ile. Nikaruka kumpokea. Akanikatalia mkono, akatoa kwenye mfuko wa koti kopo la poda ya watoto.

Hapa lazima niwaeleze, maana sijui kama kwenu ipo. Huku, mtu akifaulu examen d'État, familia inammwagia poda kichwani. Mtaa mzima unamwona anapita mweupe, watu wanaimba nyuma yake. Mimi hakuna aliyenimwagia. Nani angefanya hivyo katika nyumba ya kilio?

"Inama," Papa akasema.

Nikainama. Mwanaume na ndevu zangu, mbele ya wateja wangu. Akamwaga kopo lote: kichwani, masikioni, shingoni, na ndani ya simu iliyokuwa wazi juu ya meza.

Mama mmoja muuza pondu, yale majani ya muhogo, akauliza, "Papa, huyu mukubwa hivi amefaulu nini?"

"Examen d'État!" Papa akajibu kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Mutoto yangu amepata soixante et un!"

Yule mama hakuuliza zaidi. Aliweka pondu yake chini, akaanza kuimba, na wengine wakaitikia. Nilitembea mpaka nyumbani mweupe hivyo hivyo, Papa pembeni na magongo yake, na njia nzima alikuwa ananiangalia mimi.

Ile simu nilitoa poda kwa brashi mpaka jioni. Inafanya kazi, mwenyewe asiwe na wasiwasi.

Nilichojifunza, wakuu: nilikaa miaka kumi na moja najibu badala ya mzee swali ambalo sikuwahi kumuuliza. Kama baba yako anaangalia mlango, muulize. Pengine anaogopa vilevile kama wewe.

Karibuni. Mliowahi kunyamaziana na wazazi wenu, andikeni nani alivunja kimya na kwa neno gani. Na wapenzi wa series, toeni hukumu yenu juu ya fundi, lakini mjipange. Papa amekuja kututembelea, yuko hapa kando yangu, ameniambia nimsomee kila comment.