Komeo la Mlango wa Dari

Juzi, dukani Pangani, nilikuwa nachagua komeo la mlango wa dari, na harufu ya grisi ikanirudisha kwenye alasiri moja nyumbani kwetu Mwera. Baba alikuwa ngazini, ameshika komeo la mbao. Mama, aliyekuwa ametoka kufiwa na mdogo wangu mchanga, alimtazama.

"Hilo nitalifungua, baba Asha," alisema taratibu. "Tia la chuma, lenye kufuli. Ufunguo kaa nao wewe."

Sikujua kwamba nguo za mtoto zilikuwa darini, na kwamba Mama alikuwa akipanda kuzinusa. Kufuli lilipofungwa, alilivuta, likagoma, akaketi akalia. Nilidhani tunawafungia komba walaji ndizi.

"Usilie, Mama. Hawaingii tena."

Akanivuta kifuani. "Hawaingii, mwanangu."