Pipa la Manyoya la Shangazi Zuhura

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani nijizabe kofi. Nilikuwa kijana, nachinja kuku kwenye banda la shangazi yangu Zuhura, hapa Mji wa Kale. Alikuwa mjane, na banda lile ndilo lililomlisha. Manyoya tukiyatupa kiwanja cha nyuma. Yakanuka, majirani wakalalamika, na bwana afya akatoa onyo: akirudi baada ya mwezi akute uvundo ule ule, banda analifunga.

Aliyetusaidia ni mteja wetu, Mwalimu Mwende, mwanamke wa bara aliyekuwa akisomesha sayansi. Alichota udongo pale pale tulipokuwa tukitupa manyoya, akatwambia umejaa bakteria waliozoea kuyala. Akautia kwenye pipa la maji, akawa anawalisha manyoya kidogo kidogo. Wallahi, baada ya wiki mbili nilitia upawa nikatoa uji mzito, unyoya hata mmoja sikuuona! Shangazi akaimwagia mipilipili yake uji ule, ikastawi.

Unadhani nilifurahi? Nilinuna! Ati mbara aje kutufundisha udongo wetu! Na Mwalimu alituomba jambo moja tu: manyoya yakitoka kwenye maji ya moto ya kunyonyolea, yapoe kwanza, la sivyo bakteria watakufa. Siku mbili kabla ya bwana afya kurudi tulikuwa na kuku wa harusi, nami nina haraka, na jeuri imenijaa. Nikabeba sufuria linatokota, nikamimina yote ndani ya pipa, maji na manyoya. "Matope tu hayo," nikasema, nikacheka.

Bwana afya alipofunua pipa, manyoya mazima yalikuwa yakielea, harufu haikaliki. Mwalimu akamsihi ampe wiki mbili azalishe bakteria wengine. Hakutaka kusikia. Banda likatiwa kufuli.

Shangazi, aliyeliona sufuria nililoliacha kando ya pipa, hakunipiga. Alinitazama tu, akasema, "Mwalimu si wa kwetu, na amenihangaikia. Wewe, damu yangu, umenifungia mlango." Mpaka anakufa, maskini, alikuwa akinyonyoa kuku kwenye mabanda ya watu.

Kwa hiyo nikikusikia wamwita mwenzako mbara kwa kumcheka, hasira zanipanda. Koma! Mtu akikufunza kazi anayoijua, msikilize, usitazame katoka wapi. Kama humwamini, muulize mbele ya watu. Usimharibie kimyakimya ukamponza asiyekukosea. Na ukishakosa, nenda ukaombe radhi siku hiyo hiyo, hata kama uso umekushuka. Mimi niliona haya, nikasema kesho, nikasema kesho.

Mungu akupe moyo wa kusikia, mwanangu, akupe riziki ya halali, na asikusimamishe kaburini kwa mtu, kama nisimamavyo mimi, ukimwomba msamaha aliyeungoja akiwa hai.